Mgonjwa wa Malaria Aliyeshuka Tenke

Tata na mama, ninyi mliopata viti na ninyi mliosimama kule mlangoni, nawasalimu wote kwa amani. Mama prezida, mwenyekiti wa chama chetu cha wagonjwa na familia zao, amenipa dakika ishirini. Habari hii nilikaa nayo miaka mingi bila kumwambia mtu, kwa hiyo nikizipita dakika zake anivumilie. Na kwa sababu tuna wageni waliotoka Kalemie, na wengine waliovuka mpaka kutoka Zambia, nitajitahidi kusema Kiswahili kile tulichofundishwa shuleni na mapadri. Kikinishinda nitarudi kwenye chetu cha Kolwezi, na mtanisaidia.

Jana mchana mgeni mmoja aliuliza hapa ndani: ni nchi gani inamtibu vizuri mgonjwa wa akili, na nani analipa? Mlijibizana sana. Huyu alisema serikali, yule alisema familia, mwingine akasema kampuni za siku hizi zina pesa za kumwaga, basi zilipe. Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa refu. Nimetibiwa na kampuni, nimetibiwa kwa maombi, nimetibiwa na serikali ya nchi ya wenyewe, na sasa natibiwa na ninyi. Hakuna mahali ambapo sikulipa. Naomba niwaeleze nililipa nini, na pale nilipolipa zaidi hapakuwa na pesa hata kidogo.

Nilizaliwa hapa Kolwezi. Baba yangu aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, akazaa hapa, akazikwa hapa. Kasai yenyewe mimi niliijua kwa picha moja ya babu aliyekaa kwenye kiti cha kukunja. Nilipokua nikaajiriwa na kampuni ile ile, karani wa stoo ya vyuma: boliti, mikanda ya mashine, vipuri vya pampu. Vijana mlio hapa hamjui kampuni ilikuwa nini siku zile. Nyumba ilikuwa yake, shule yake, posho ya unga mwisho wa mwezi yake. Mkunga aliyekupokea alilipwa na kampuni, na sanduku lako siku ukifa lilitoka kwenye karakana yake. Hospitali ilikuwa bure kwa mfanyakazi, mke wake na watoto wake wote.

Nilioa mwanamke mmoja wa kaskazini ya Katanga, upande wa Manono. Tulionana kwenye kwaya. Jina lake sitalitaja, si kwa ubaya. Tulipata watoto watatu.

Sasa ugonjwa. Ulianza stoo. Nilikuwa nahesabu boliti, nikasikia watu wawili nyuma ya rafu wananisema. Wanasema naiba. Wananitaja jina. Nikazunguka rafu, hakuna mtu. Nikarudi kuhesabu, wakaanza tena. Ndugu zangu, nawaambia, mwanzoni sikuogopa, nilikasirika. Nilitaka kuwajua ni nani. Ikafika siku mwenzangu wa kazi alinikuta nabishana na rafu, mate yananitoka, akanirudisha nyumbani akisema nina homa.

Kwenye zahanati ya kampuni palikuwa na muuguzi mmoja, mtu mzima, Mkasai kama mimi. Alifunga mlango. Aliniuliza maswali taratibu, nikamjibu yote. Akachukua kitabu changu cha matibabu, akaweka kalamu juu ya karatasi, halafu akasita.

“Tata,” akaniambia, “nikiandika ile jina ya kweli, mwezi yenye kuya batakuita ku biro. Batakupatia karatasi ya kuenda nyumbani. Na nyumba yenyewe ni yabo. Bibi yako na batoto, batatunzwa na munganga gani?”

Nikaitazama kalamu yake. Nilimjua mtu mmoja wa karakana ambaye kitabu chake kiliandikwa ukweli. Walimpa hesabu yake ya mwisho, akatolewa nyumba, mke akafutwa kwenye orodha akiwa na mimba ya miezi minane. Kama ilikuwa sheria iliyoandikwa mahali, sijui. Sisi tulimwona yule mmoja, ikatutosha.

“Basi utaandika nini?” nikamuuliza.

“Niandike malaria. Malaria kila mutu iko nayo.”

Akaandika malaria. Kila mwezi nilirudi, akaandika malaria, akanipa vidonge vyeupe vya kutuliza akili kwenye karatasi ya vidonge vya malaria. Sauti zikapungua, kazi nikaiweza. Miaka sita, ndugu zangu. Kolwezi nzima hakuna mwanaume aliyeugua malaria kama mimi. Nadhani hata mbu wenyewe walikuwa wanashangaa wanamuumaje mtu mmoja hivyo. Ndiyo, chekeni, na mimi siku hizi nacheka.

Lakini mke wangu sikumwambia. Vidonge nilivimeza nyuma ya choo. Siku nikiwa mbaya nilijifunika blanketi nikamwambia malaria imerudi, naye alinichemshia majani, alinikanda miguu, aliwakataza watoto wasipige kelele. Alikuwa ameketi karibu yangu hivi, na mimi nilikuwa mbali naye kuliko nitakavyoweza kuwaeleza. Kila mtu aliponihurumia, alimhurumia mtu wa malaria. Mimi mwenyewe hakuna aliyenihurumia, kwa sababu hakuna aliyejua nipo.

Kisha kampuni ikaanza kuanguka. Mgodi ulibomoka, mishahara ikachelewa, posho ya mwezi mmoja ikawa inaletwa baada ya miezi miwili. Kwenye zahanati rafu zikabaki na vumbi. Yule muuguzi alikuwa ananikatia kidonge nusu, baadaye robo. Na wakati huo huo yakaanza yale maneno mnayoyajua wote, sitayarudia kwa urefu: kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Kwao wapi? Majirani tuliokuwa tunaazimana chumvi walipita mbele ya mlango wangu bila kusalimu. Siku moja tukakuta alama ya makaa kwenye ukuta. Kesho yake walikuja wengi, wakatoa vitanda nje, na tukatoka na tulichokuwa tumevaa.

Yule muuguzi aliondoka na treni ya mwanzo. Nilimwona kwa mbali, amebeba mzigo kichwani, hakugeuka. Duniani palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua jina la ugonjwa wangu, na nilimtazama akipanda behewa.

Mimi nilikaa stesheni wiki nyingi, maelfu ya watu kwenye changarawe, chini ya maturubai na mashuka. Kaka za mke wangu walikuwa wamemchukua yeye na watoto, kwa sababu yeye ni mtu wa hapa. Mimi hawakunitaka, na ukweli siwalaumu sana, hata wao waliogopa kuchomewa nyumba. Alikuja kila siku na bukari, ugali wetu, kwenye kitambaa. Siku moja alikuja na vidonge vya malaria. Alikuwa ameuza kikwembe, kitenge chake cha harusi, kuvinunua, ili safarini nisiugue.

Nilivipokea. Nikasema asante. Hapo ndipo nilipopaswa kusema, na nilinyamaza.

Tulipatana hivi: mimi nitangulie mpaka Mwene-Ditu, kule Kasai, kwa mdogo wa baba, nitafute nyumba, halafu nimtumie barua na watu wa treni, aje na watoto. Alinishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

“Enda, tata,” akasema. “Ukipata fasi, utume neno. Tutakuya bote.”

Wenye umri wangu mnalijua behewa lile. Tulipangwa mtu juu ya mtu. Mimi nilikuwa sina hata robo ya kidonge. Kabla hatujafika mbali sauti zikarudi, na safari hii hazikusema naiba. Zilisema watu wa behewa lile wamepatana kunitupa nje treni ikishika mwendo, na kwamba maji ya kopo yana sumu. Mama mmoja alinipa maji, nikamsukuma mkono. Mtoto alilia, nikajua ni ishara. Mambo yale yalikuwa kweli kwangu kama ninavyowaona ninyi hapa.

Tenke ndipo reli inapogawanyika, treni ikasimama pale muda mrefu. Nilichukua mfuko wangu nikashuka. Mtu akaniita, “Tata, unaenda wapi?” Nikasema naenda kununua maji. Nikajificha nyuma ya tangi la maji mpaka treni ilipoondoka. Niliposikia imekwisha kwenda nilifurahi, ndugu zangu. Nilijiona nimepona kifo.

Watu wa behewa lile waliandika barua Kolwezi kueleza walivyoona: alishuka mwenyewe, kwa miguu yake, na mfuko wake, mtu mzima na akili zake. Nanyi mnawajua watu wetu. Barua ilipofika Kolwezi ilikuwa imekwisha kuongezwa mwanamke wa Tenke.

Pale Tenke nililala chini ya paa la ghala. Nilisema peke yangu, nilirushia watu mawe, watoto wakanipa jina ambalo sitalitaja mbele ya mama zangu. Baadaye mtumishi mmoja wa Mungu mwenye chumba cha maombi akanichukua. Simtukani, alinipa paa wakati hakuna aliyetaka kunigusa. Lakini hata pale palikuwa na malipo. Wagonjwa wengine waliletwa na familia zao, na familia zilileta unga, mbuzi, mafuta. Mimi sikuwa na familia, kwa hiyo nililipa kwa jembe. Nililima mihogo yake misimu miwili ya mvua. Siku nilipokuwa mbaya nilifungwa mguu kwenye gogo, mpaka nitulie, halafu nikarudi shambani.

Siku ngumu zaidi ilikuwa Jumapili. Jumapili familia zilikuja kuwatazama wagonjwa wao. Mama analisha mwanawe, dada anamsuka dada yake nywele. Mimi nilijifunza kukaa nimegeukia ukuta tangu asubuhi, ili mtu asidhani nangoja. Nimeona njaa, nimeona kamba, nimeona watu wakinicheka. Upweke wa Jumapili zile ulizidi vyote. Hata leo Jumapili mchana sipendi kukaa nyumbani.

Kulikuwa na mama mmoja muuza sombe, yaani kisamvu, jirani na chumba kile. Aliniachia sahani juu ya ukuta kila alipoweza, hakuniuliza kitu. Mdogo wake wa kiume alikuwa anakwenda Zambia kununua unga na kuupakia kwenye kinga, yaani baiskeli, maana huku kwetu unga ulikuwa haupatikani. Alihitaji mtu wa kusukuma. Mama yule akamwambia anichukue mimi, kwamba siku nzuri nina nguvu na sisemi sana. Nadhani alitaka tu nitoke pale. Ndivyo nilivyovuka mpaka. Yule kaka aliporudi na unga wake mimi nikabaki, katika mji mmoja wa shaba upande wa Zambia, nikibeba mizigo sokoni.

Sasa, wageni wetu, hapa ndipo tunafika kwenu.

Kule palikuwa na kliniki ya serikali. Unanunua daftari la mtoto wa shule, linakuwa kitabu chako, unakaa kwenye foleni. Mimi nilikuwa bado nina kitabu changu cha Kolwezi, nimekifunga kwenye plastiki, nimekilinda kuliko viatu. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, anasema Kibemba, lakini Kibemba na Kiswahili chetu ni majirani, tulielewana. Nikamwambia siwezi kulala, kichwa kinanisumbua, nikampa kitabu. Alikifungua. Kifaransa hakukijua, lakini neno lile halihitaji Kifaransa. Malaria, malaria, malaria, kurasa zote. Akanipa dawa ya malaria.

Nilirudi baada ya wiki mbili. Akanipa dawa ya malaria. Mara ya tatu akanitoboa kidole akapeleka damu ikapimwe. Mara ya nne aliniita ndani akaweka kile kitabu mezani kati yetu.

“Mwapoleni, tata,” akanisalimu kwa Kibemba, halafu akaendelea polepole ili nimfuate. “Damu yako ni safi. Hiki kitabu ni cha nani?”

“Ni changu.”

“Mtu aliyeugua malaria hivi angekuwa amekufa zamani. Hiki kitabu kinaficha kitu. Kinaficha nini?”

Ndugu zangu, hebu mnitazame vizuri hapa. Sikuwa na kazi tena. Sikuwa na nyumba ya kampuni wala posho. Hakukuwa na biro, ofisi ya kampuni, ya kuniita. Nilikuwa mbeba mizigo katika nchi ya wenyewe, sina kitu hata kimoja ambacho ugonjwa ule ungeniondolea. Na bado mdomo ulikataa. Nililinda siri ile kwa mazoea tu, kama yule mlinzi wa karakana yetu aliyeendelea kufunga lango wakati mashine zote zilikwisha kuuzwa. Nilimwambia nina malaria ya Kolwezi, ni tofauti na ya kwenu.

Hakucheka. Hakunifukuza pia, ingawa foleni ilikuwa mpaka nje. Alikunja mikono akangoja. Na mimi nikaangalia kitabu changu, nikaona mwandiko wa yule muuguzi wetu, mzuri, umenyooka, uongo mtupu kutoka mwanzo mpaka mwisho, na uongo ule ulikuwa wa huruma. Nikachoka. Sina neno lingine, nilichoka.

Nikasema, “Mama, mi nasikiaka batu banaongea, na batu habako.”

Aliandika. Hata kichwa hakuinua.

“Tangu lini?” akauliza, vile vile anavyouliza kikohozi kimeanza lini.

Nililia mbele yake. Miaka yote nilidhani siku nitakayolitamka neno lile ukuta utaanguka, na mtu alichofanya ni kuniuliza tangu lini.

Sitaki kuwadanganya kwamba Zambia ni mbinguni. Wageni wetu wenyewe wanatikisa kichwa. Dawa serikali ilitoa, lakini wakati ipo tu. Ikikosekana nilipewa karatasi nikanunue, na mshahara wa mbeba mizigo mnaujua. Karani wa dirishani aliniuliza mara kwa mara kama kwetu hakuna hospitali, na siku moja alikataa kabisa kwa sababu sina kitambulisho cha nchi. Yule muuguzi alitoka akagombana naye mbele ya watu. Alimwambia ugonjwa huu hausomi pasipoti. Nilikunywa dawa, nikachomwa sindano ya mwezi, nikanenepa, nikatetemeka mikono, wakabadilisha dawa. Baada ya muda zile sauti zikawa ndogo, kama redio ya jirani. Unaisikia, huifuati.

Nilipopata akili, ndipo nikaanza kumkumbuka mke wangu kwa uzito wote. Nilitaka kuandika. Lakini barua ingesema nini? Yeye alikuwa ameambiwa nilishuka Tenke kwa hiari yangu. Ili anisamehe Tenke, lazima nimwambie kwa nini nilishuka, na kwa nini nilishuka ni lile neno. Kumwambia muuguzi wa ng’ambo ni kitu kimoja. Kumwambia mwanamke aliyekukanda miguu miaka sita kwa ugonjwa usiokuwa nao ni kitu kingine. Nikaona ni afadhali aniite mzinzi kuliko aniite kichaa. Niliandika barua nne, nikachana zote nne. Miaka ikaenda. Naona baadhi yenu mnaniangalia kwa hasira. Mna haki.

Nilirudi Kolwezi mwaka wa saba tangu niondoke, vurugu zilipokuwa zimetulia na watu wetu wengine wameanza kurudi mmoja mmoja. Nilimkuta mke wangu mtaa wa Kasulo, wakati ule kabla watu hawajaanza kuchimba madini chini ya vitanda vyao. Alikuwa ana nyumba ndogo ya matofali, na alikuwa ana mume.

Mwanaume mzuri. Sitamsema vibaya hata mniombe. Aliponisikia nikijitambulisha pale uani, alinitolea kiti, akaniletea maji kwa mikono yake, halafu akamwambia mke wake, “Mi niko kwa jirani,” akatoka ili tuseme.

Tulikaa. Alikuwa amekonda. Nilikuwa nimeisema sentensi yangu njiani kutoka mpaka wa Zambia hadi hapa, sijui mara ngapi. Nikamwambia yote. Stoo, muuguzi, vidonge nyuma ya choo, sumu kwenye kopo, tangi la Tenke, gogo. Nikamwambia haikuwa malaria hata siku moja.

Alisogeza kando maji aliyoniletea mume wake.

“Mi niliendaka Tenke,” akasema.

Nikamwambia sielewi.

“Kisha ile barua kufika, bakaka yangu banasema acha, iko na mwanamuke. Mi nilikataa. Niliuzisha masini yangu ya kushona, nikapanda treni. Siku tatu nilizunguka Tenke. Niliingia ku lopitalo, ku dispensaire, fasi yote. Niliulizaka: hamukuona mwanaume moya, murefu, iko na malaria? Bananionyesha bagonjwa bote ba malaria. We haukukuwa.”

Alijipangusa uso kwa pembe ya kitambaa chake.

“Mama moya wa soko akaniuliza kama bwana yangu iko na akili. Anasema kuko moya kule ku chumba ya maombi, murefu vile, banamufungaka. Nilimukasirikia, tata. Nilimutukana yule mama. Nikamwambia: bwana yangu haiko kichaa, bwana yangu iko na malaria.”

Kutoka soko la Tenke mpaka kile chumba ni karibu tu, kama kutoka hapa mpaka kwenye barabara ya lami. Alirudi Kolwezi na treni ya siku ya tatu. Alinihesabu nimekufa, na baada ya miaka mitatu akaolewa, kama mjane yeyote anavyofanya.

Kama siku ile niliisikia sauti yake, sijui. Nilikuwa namsikia kila siku.

Ndugu zangu, hayo ndiyo malipo. Yule muuguzi wetu aliandika malaria ili mke wangu asipoteze nyumba na watoto wasipoteze munganga, na kwa miaka sita alifaulu, namshukuru popote alipo. Mimi nikaibeba ile malaria nikaiingiza nyumbani, nikamfundisha mke wangu ugonjwa ambao sikuwa nao, akaamini, na siku alipokuja kunitafuta alikuwa na jina ambalo mimi mwenyewe nilimpa. Mkiniuliza tena nani alipe matibabu haya, nitawaambia kampuni ilipe, serikali ilipe, na sisi tuendelee kuchanga kile kidogo cha kuagizia dawa Lubumbashi. Lakini anayelipa akikudai unyamaze, huyo ni ghali. Na naona kampuni hizi mpya zimerudi na kadi za hospitali, na nawaona watu wenye kadi wanaanza tena kuandikiwa kichwa kinachouma, uchovu, tumbo. Najua mnawalinda watoto wenu. Nami nilikuwa nawalinda wangu.

Leo nakaa chumba cha kupanga, peke yangu. Nafanya kazi, nalala, nakunywa dawa mezani mbele ya dirisha lililo wazi. Binti yangu mkubwa huja, na anajua. Yule mama na mume wake nawasalimu kila tukikutana njiani, nao wananisalimu, halafu kila mmoja anakwenda kwake. Siku zingine njia ya kurudi inakuwa ndefu.

Namshukuru muuguzi wa Zambia aliyekunja mikono akangoja. Namshukuru mama wa sombe. Namshukuru yule mwanaume aliyenipa kiti kwenye ua wake. Na ninyi nawashukuru, kwa sababu nilipokuja hapa mara ya kwanza mliniuliza naumwa nini, nikawajibu, na mkanisogezea benchi.

Neno langu ni moja, nalisema kwa mwenye mgonjwa na kwa mgonjwa mwenzangu. Wale unaowapenda, wape jina la kweli la ugonjwa wako ungali una mdomo wa kulisema, ili siku ukipotea wajue wakutafute wapi.